Kiboko na Behewa la Wakubwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Filimbi!"

"Ya gadi!"

"Chai!"

"Ya stesheni!"

"Na mchelewaji?"

"Abaki akipunga mkono!"

Basi sikilizeni. Mwaka ule jua liliwaka hata visima vikatoa vumbi. Wanyama wakapanda treni kuikata nchi nzima, mbuga kwa mbuga, kwenda ziwani. Chaka-chaka, chaka-chaka. Mama Digidigi alikuwamo, mwanawe mgonjwa ubavuni, na kibuyu kimoja cha maji.

Njiani akapanda Kiboko. Hakuomba nafasi. Akakalia viti vya watu, akanyoosha mkono, akanyakua kile kibuyu. Gu-gu-gu-gu! Kikaisha.

Mama Digidigi akapiga kelele. "Mzee! Hayo ni maji ya mtoto! Ana homa!"

"Atakunywa ziwani," Kiboko akasema, akacheua. "Nami nikishafika, naulalia ufuko wote. Atakayetaka tone aje anipigie magoti."

Kila abiria akainamia mzigo wake. Hata Nyati aligeukia dirishani, eti anatazama miti.

Ndipo akainuka Pimbi, kijinyama kisicho na mkia, hakizidi kiatu.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba."

"Mtu mkubwa kama wewe, kubanana na akina sisi? Kule mwisho kuna behewa la wakubwa. Lina vitanda, lina feni, halina mtu. Ila tukifika Njiapanda, wenye wivu watakuja kukwambia ushuke. Usishuke!"

Mama Digidigi hakuamini masikio yake. Kumpamba mnyang'anyi!

"Huna haya wewe," akamwambia Pimbi. Pimbi akajikuna tu.

Kiboko akaenda, bwata, bwata, bwata, akajifungia.

Stesheni ya Njiapanda treni ikasimama. Korongo, mkuu wa stesheni, akapita akipaza sauti: "Behewa la mwisho linakatwa hapa! Linakwenda Chumvini! Wa ziwani washuke!"

Chumvini! Huko hata mate ni ya kugombania. Mama Digidigi akashtuka, na pamoja na yote, moyo ukamuuma. Akakimbia, akagonga dirisha.

"Mzee, shuka! Unapelekwa Chumvini!"

"Wivu huo!"

Korongo naye akagonga. "Shuka!"

"Wivu!"

Gadi naye akagonga. "Shuka, baba!"

"Wivu, wivu, wivu!" Kiboko akavuta pazia.

Mama Digidigi akawahi kurudi kwenye behewa lake. Kwacha! Lile la mwisho likakatwa. Kichwa kingine cha treni kikaja, kikalinasa. Puuu! Kiboko akachungulia: treni ya ziwani inakwenda huku, yeye anakwenda kule. Macho yakamtoka. Kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala, sauti isitoke.

Mama Digidigi akamgeukia Pimbi.

"Kumbe ulijua!"

"Mimi? Nilimwambia watakuja kumwambia ashuke," Pimbi akasema. "Hawakumwambia?"

Treni ikafika ziwani. Mtoto akainama, akanywa, akapiga chafya, akanywa tena. Hapo ndipo mama yake alipolia.

Ngano yangu imefika, abiria shukeni. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aiache jukwaani.

Na fundisho, wanangu: msiseme uongo. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Pimbi ilitoka penye vumbi mpaka penye samaki, na alikaa dirishani.