X Iliyohama Ukuta

Hapo zamani, na simaanishi ile zamani ya wanyama kuongea, namaanisha zamani ya juzi tu ambayo hata wewe ulikuwepo ila ulikuwa umelala, palikuwa na mtaa ukiitwa Chekanao. Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, weka simu mfukoni. Mimi shule niliiacha mapema, walikuwa wananichelewesha, lakini kisa hiki nimewapa watu wenye digrii zao wakaondoka wanajikuna vichwa. Tuwaone na nyie.

Chekanao ulikuwa juu ya kilima, maji yalikuwa bondeni. Ukitaka kupika, ushuke. Ukitaka kufua, ushuke. Ukitaka kuoga, ushuke, upande na ndoo, ufike juu umeloa jasho kuliko ulivyoondoka, uoge, na ndoo imekwisha. Ushuke tena.

Siku moja akaja injinia wa maji. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, na watu wakajaa mpaka juu ya miti, kwa sababu ilitangazwa kutakuwa na soda.

"Ndugu wananchi," injinia akasema, "tunakuja kulaza bomba kubwa. Mtarajie mtaro mbele ya milango yenu."

"Tutatarajia," watu wakasema.

"Mtarajie vumbi na kelele za mashine."

"Tutatarajia."

"Mtarajie maji kukatika."

Hapo mkutano mzima ukacheka mpaka mwenyekiti akashikilia meza. Akasimama Bi Mwasiti, mama lishe. "Yakatike yapi, baba? Yalete kwanza, ndio uyakate."

Injinia akajifuta jasho. "Basi mtarajie maji ya kwanza kuwa na rangi ya chai. Yaacheni yatiririke."

"Na sukari yatakuwa nayo?" mtu akauliza kutoka juu ya mti.

Injinia akafika kwenye jambo lake la mwisho, na papo hapo kreti za soda zikaingia. Mkutano ukaisha. Yaani hata angekuwa anagawa viwanja asingesikilizwa. Aliyebaki kwenye benchi ni mmoja, Shaweji, fundi wa kuchora mabango, na hakubaki kwa kupenda elimu. Alichelewa kufika, jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya soda, akabaki amenuna. Kwa hiyo ni yeye peke yake aliyesikia injinia akisema: "Mtaa utapata bomba moja la kuchotea. Ukuta tutakaoupiga alama ya X nyekundu, bomba litakaa hapo, na mwenye ukuta ndiye atakayeshika ufunguo."

Kesho yake vijana wa vipimo wakaja, wakapima, wakapiga X nyekundu kwenye ukuta wa Bi Mwasiti, wakaenda zao.

Sasa nyie mnajua X ukutani ni nini. Msijifanye wageni. X ni bomoa. X ni barabara inapita, toa vyombo, kamata kuku. Na ukuta ule ndio ulikuwa nyumba ya Bi Mwasiti na ndio ulikuwa mgahawa wake. Pale barazani ndipo aliposomeshea watoto kwa wali maharage, akipandisha maji kutoka bondeni kila siku ya Mungu mpaka shingo ikazama mabegani. Alipoiona ile X, akaacha sufuria motoni.

Akaisugua kwa sabuni ya unga, ikang'aa. Akaisugua kwa majivu, ikang'aa zaidi. Akaisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya chuma, ikatoka, ila ilitoka na plasta yake. Akakaa chini akawaza: wakirudi wakakuta X hakuna, si watapiga nyingine? X lazima ionekane mahali. Akageuza shingo akatazama ukuta wa jirani.

Jirani alikuwa Mzee Ndimbo, mstaafu, mfuga bata. Bata wale walikuwa wanashinda barazani kwa Bi Mwasiti wakila wali, na kila akienda kushtaki, mzee anamjibu, "Mama, bata hawajui mpaka."

"Vizuri," Bi Mwasiti akasema peke yake. "Na X haijui mpaka."

Akamwita Shaweji. "Mwanangu, nipigie X kwenye ukuta wa Mzee Ndimbo. Sahani ya wali, nyama juu."

Shaweji akamtazama yule mama. Alijua ile X ni maji. Neno moja tu lingetosha. Lakini Mzee Ndimbo alikuwa na binti, Somoe, na Shaweji alikuwa anakosa usingizi kwa ajili ya Somoe, na mzee alishamwambia mbele za watu, "Binti yangu haolewi na mtu anayeishi kwa kuandika Usikojoe Hapa." Shaweji akawaza, nikimpelekea mzee maji atanipa binti; akameza mate, na lile neno likashuka nayo.

"Nyama ngapi, mama?" akauliza.

Wakangoja mchana wa mechi kubwa, mtaa mzima umejifungia kwenye kibanda cha mpira. Shaweji akapiga X moja safi. Mpaka kivuli akaiwekea, fundi ni fundi.

Mzee Ndimbo akarudi, timu yake imefungwa, uso kama kiatu cha mvua. Akaiona X. Mngetegemea alie. Akacheka. "Fidia hii," akasema. "Serikali inanibomolea, inanilipa, nakwenda kufuga bata shamba."

Kuanzia hapo ile X ikawa mtoto wake. Asubuhi anaipangusa vumbi. Mvua ikinyesha, X iko chini ya mwamvuli na mzee yuko nje analoa. Ukiuegemea ukuta anakwambia, "Toa mgongo kwenye fidia yangu."

Mashine ikaja, na kila alichosema injinia kikaja nayo. Mtaro ukachimbwa mlangoni kwa Mzee Ndimbo, akawa anatoka na kuingia kwa ubao kama kuku. Bata wakatumbukia, wakatolewa wakiwa wa matope, wakatumbukia tena. Vumbi likaingia mpaka kwenye chumvi. Nyumba ikatikisika, dari la sebuleni likashuka kuangalia kulikoni. Msimamizi wa wachimbaji akamhurumia. "Mzee, tukupunguzie adha? Huu mchepuko wa bomba tunaweza kuupeleka upande wa pili."

"Jaribuni," Mzee Ndimbo akasema. "X iko hapa, na mimi niko hapa."

Bi Mwasiti naye hakupumzika. Wachimbaji wale wote walikula kwake, na maji ya kuwapikia na kuwanywesha aliyabeba yeye kutoka bondeni. Tazama mambo. Mtu anapanda kilima na ndoo kichwani, anawapelekea maji watu wanaoleta maji.

Siku ya mwisho injinia akaja na koki mpya mkononi, inang'aa. Mtaa mzima umepanga ndoo. "Mwenye ukuta wa X ni nani?"

Mzee Ndimbo akavuta koti. "Ni mimi. Nipo tayari kubomolewa."

"Kubomolewa na nani? Hongera, mzee. Bomba la mtaa linakaa kwako, na ufunguo ni wako."

"Bomba?" mzee akasema. "Na fidia?"

"Fidia ya nini?"

Mwiko ukamponyoka Bi Mwasiti. Akavuka ule ubao mbio, moja kwa moja mpaka kwa injinia. "Baba, X ile ni yangu. Vijana wako waliipiga kwangu, njoo utazame." Akamwonyesha ukuta wake, na kweli, plasta ilikuwa imebanduka kwa umbo lile lile la X, hata kipofu angeipapasa akaisoma. "Niliifuta kwa hofu, na hila ya kuihamishia kwa jirani nilifanya, sikatai. Lakini wataalamu walipima wakachagua hapa. Na nani kwenye mtaa huu amebeba maji kuliko mimi? Shingo hii mnaiona. Mkinipita leo, nafunga mgahawa, siwezi tena kile kilima."

"Hebu ngoja, jirani," Mzee Ndimbo akasema. "Ulitaka nibomolewe mimi na mwanangu. Ulikaa pale unapakua wali ukingoja nyumba yangu ianguke. X ilikuja kwangu, sikuiomba, nikailinda. Mtaro nimeula mimi, vumbi nimeula mimi, dari langu mnaliona. Walipotaka kuhamisha mchepuko, nani aliukatalia? Msiba ulipokuwa msiba ulinipa mimi. Umegeuka harusi, unautaka?"

"Ulikatalia kwa ajili ya fidia, si kwa ajili ya maji," Bi Mwasiti akamjibu.

"Na wewe ulifuta maji," akasema Shaweji, akipenya katikati ya ndoo. "Wote hamkusikiliza mkutano, mlikuwa kwenye soda. Mimi nilisikia. Injinia, mngepita hapa msione X, mngefanya nini?"

"Tungepita," injinia akasema. "Bila X hatusimami."

"Basi Chekanao ina maji kwa brashi yangu. Bi Mwasiti aliifuta, mimi nikairudisha. Liwe kwa mzee, sawa, lakini ufunguo nipeni mimi."

Somoe alikuwa mlangoni kwao, bata wa matope kwapani. "Kumbe ulijua?" akamuuliza. "Ukamwacha mama wa watu asugue maji yake kwa brashi ya chuma, ili upate mke?"

Shaweji akatazama viatu vyake. "Na nyama pia," akasema.

Injinia akachoka. "Bomba limeishia hapa katikati. Naweza kulipinda kushoto, naweza kulipinda kulia. Mkishindwa kuamua, koki hii naipeleka mtaa wa pili. Wao walinisikiliza mpaka mwisho."

"Wao hukuwaletea soda," mtu akasema kutoka juu ya mti.

Na wewe usiniletee ile busara yako ya kusema liwekwe hapo hapo katikati. Hapo katikati ni shimo la choo, nenda ukachote wewe.

Kwa hiyo fundi wa injinia amechuchumaa, ameziba bomba kwa kidole gumba, maji rangi ya chai yanamrukia usoni, ndoo zimepangwa mpaka kule chini, na anauliza ageukie wapi. Bi Mwasiti aliyechaguliwa akaifuta? Mzee Ndimbo aliyebambikiwa akailinda? Au Shaweji, aliyejua akanyamaza, na bila yeye pasingekuwa na tone? Haya, nyie mliosoma. Kidole cha mtu kinachoka. Je, nani alistahili ufunguo?