Kikapu cha Ndizi za Mzee Mwasomola

Ngoma humpokea mgeni, chungu humfanya mwenyeji. Mmeisikia harusini jana, mkacheka, na leo mnaniuliza ilikotoka. Kaeni basi, na mwenye simu aiweke chini. Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu Rungwe, mwaka ambao Sekela, mjukuu wa mzee Mwasomola, alichaguliwa na vyuo vikuu viwili kwa mpigo.

Viwili! Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kupata hata kimoja. Babu yake alitembea na barua zile mfukoni wiki nzima, mpaka watu wakaanza kukwepa njia anayopita. Lakini Sekela alitakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, na masomo yalikuwa yaleyale kotekote. Akaamua kwenda kutazama wanafunzi wanavyoishi, maana miaka mitatu si siku tatu. Kila safari mzee alimfungia kikapu cha ndizi mbichi, zile nono kuliko zote shambani. Kwetu huendi ugenini mikono mitupu.

Chuo cha kwanza, cha bondeni, alikikuta kwenye wiki ya kukaribisha wageni. Muziki ulitikisa madirisha, kulikuwa na mashindano ya mitindo, na kila klabu ina fulana yake. Wasichana walimpokea kwa vifijo, wakapiga naye picha, kikapu wakakisukuma nyuma ya mlango wa bweni. Sekela alicheza mpaka viatu vikamshinda.

Cha pili, cha mlimani, alikifikia Jumanne ya kawaida. Kimya. Msichana mmoja, Nyamizi, alifungua kikapu papo hapo akamkabidhi kisu.

"Menya, mwenzangu, sisi tuna njaa!"

Yeye na wenzake wakazipika nyuma ya bweni, kwenye chungu cha udongo ambacho Nyamizi alikuja nacho kutoka kwao Tabora. Sahani ya kwanza ilipelekwa kwa mwenzao aliyelala na homa. Walimcheka Sekela anavyomenya kwa madoido, wakamuuliza habari za kwao, na jua likazama wakiwa bado wanapiga soga.

Aliporudi nyumbani alikuwa amekata shauri.

"Babu, nachagua cha bondeni. Kule juu hakuna burudani, ni kupika na kuongea tu."

Mzee alikuwa ananoa panga. Msidhani alitaka kutoa mawaidha. Alikuwa na uchungu na ndizi zake tu.

"Haya. Na hao wa bondeni, ndizi zangu walizionaje?"

"Zilibaki nyuma ya mlango, Babu."

"Zikaoza? Ni kina nani hao? Wanaitwaje?"

Sekela akafungua simu. Picha arobaini, zote nyuso zinacheka, na hakujua jina hata moja. Wale wa mlimani hakuwa na picha yao, lakini aliwajua wote saba kwa majina, hata yule mwenye homa. Aliona aibu, kwa kuwa alibakiza kidogo tu athibitishe cha bondeni. Kesho yake akathibitisha cha mlimani, na wenzake wa sekondari wakamwambia amejizika hai.

Miaka mitatu ikapita. Siku ya sherehe ya mahafali yake nyumbani, turubai lilijaa pomoni, ngoma zikarindima, wageni wakaketishwa kwenye viti vyenye vitambaa. Wasichana saba wakashuka garini, mmoja amebeba chungu kilichoshika masizi. Walisalimu kwa kupiga magoti, kisha wakauliza jiko liko wapi.

"Hapana, wanangu," mama yake Sekela akawazuia. "Nyinyi ni wageni, kaeni mpumzike."

Nyamizi alikwisha shika kisu. "Mama, wageni ndio hao waliokaa. Sisi tupe ndizi tumenye."

Mzee Mwasomola aliamuru ngoma zinyamaze. Akasimama kifua mbele, machozi yanamtiririka, wala hakujifuta.

"Nilimpa mjukuu wangu kikapu cha ndizi," alisema, "leo ameniletea wajukuu saba. Mtakapochagua pa kuishi, wanangu, mkumbuke hili: ngoma humpokea mgeni, chungu humfanya mwenyeji."