Kipepeo wa Gundi

Kulikuwa na mama mmoja kaskazini, kwenye misitu ya milimani ambako ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Kazi yake ilikuwa kupiga picha: mbega juu ya matawi, paa vichakani, nondo waliolala kwenye magome ya miti. Aliwahi kumwona pia kipepeo wa buluu, wa aina ambayo wataalamu walisema imetoweka. Alimwona mara moja tu, kamera ikiwa bado mfukoni.

Sasa msitu ule ulitakiwa kukatwa. Kamati iliyopewa kuamua hatima ya msitu ikamwambia, "Mama, lete picha ya huyo kipepeo wako ndani ya siku saba. Bila picha, misumeno inaingia."

Akaenda kukaa kando ya kijito, penye tope ambako vipepeo hushuka kunyonya chumvi. Alikaa tangu asubuhi mpaka jua lizame. Wa njano walikuja. Weupe walikuja. Wa buluu, hapana.

Siku ya sita shemeji yake akamfuata na kiboksi cha kioo. Ndani mlikuwa na kipepeo wa buluu, mkavu, wa miaka arobaini, aliyetoka kabatini kwa mwalimu mmoja marehemu.

"Shemeji, nimekuokoa! Tone la gundi, jani bichi, piga picha, twende nyumbani tukale."

"Huyu amekufa."

"Na kamati itajuaje? Wale vipepeo wanaowajua ni wa kwenye kitenge!"

"Mimi najua."

"Haya, kaa na ujuzi wako. Miti ikianguka, kaifunike nao."

Mama alikataa. Shemeji hakukataa. Alimbandika mwenyewe, akapiga picha kwa simu, akaituma kwa kamati kwa jina la mama.

Siku ya saba ukumbi ulijaa wanakijiji wakishangilia. Mtaalamu wa wadudu wa kamati, ambaye bila sahihi yake mti haukatwi, akaikuza ile picha, akainama, akaitazama sana. "Kifuani pana tundu la pini," akasema. "Huyu alikufa zamani."

Mnaona kilichofuata? Mwenyekiti alisukuma pembeni picha zote, hata za mbega, hata za paa, za kweli kabisa. "Zote za kupanga!" Uongo uliokuja kuuokoa msitu ndio ulioshika shoka.

Mama akasimama. Hakulia. Hakuomba radhi kwa kosa lisilo lake. "Ile si yangu," akasema. "Zangu hizi." Akaweka mezani kamera na daftari. Picha sita za tope, moja kwa kila siku aliyokaa. Tope tupu! Na daftarini, mbele ya kila tarehe: Leo hakuja. Leo hakuja. Leo hakuja.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka.

"Mwongo angeniletea kipepeo," akasema. "Huyu ameniletea tope. Namwamini. Sitii sahihi ya kukata hata mti mmoja. Kesho naenda kukaa naye."

"Mpaka lini?" mwenyekiti akafoka.

"Mpaka tuone."

Na bila sahihi ile, hakuna msumeno ulioingia.

Ndugu zangu, na sisi je? Ni ushuhuda gani tunaoupigia makofi hapa kanisani? Tumesikia watu wakisimulia kupona magonjwa ambayo hawakuwahi kuugua, nasi tukaitikia amina, tukidhani tunamsaidia Mungu. Nani alituambia Mungu anahitaji msaada wa gundi? Na yule dada aliyeomba miaka mitatu bila kupata mtoto, tumemwachia nafasi gani? Ya kukaa nyuma na kunyamaza?

Mimi nakataa. Mniite mchanga, mniite mkaidi, nakataa. Jumapili ijayo madhabahu hii ni ya wale ambao bado. Aliyeomba na hajapona, aje aseme hajapona, na aseme kwamba kesho ataomba tena. Na anayetaka kucheka, aje acheke akiwa amesimama hapa, karibu naye, akimtazama usoni.