Ubao wa Waziri na Amri ya Kurudisha

Hapo zamani, masultani walipokuwa na waandishi wengi kuliko askari, sultani mmoja aliamuru iandikwe tarehe, yaani historia, ya wazee wake. Kila ilipoongezwa habari, nakala ya zamani iliwekwa kashani, waandishi wakaendelea na mpya. Juu ya kasha Waziri Mwinyi Fumo alitundika ubao wa amri za kazi, maneno yake mafupi kama mkia wa mbuzi, naye akiuringia kweli kweli. Amri moja ilisema, "Rudisha: hurudisha ya zamani." Basi, kwisha maneno!

Ikawa siku moja mwandishi Shizo alitaka kuitazama tu nakala ya zamani, akamwambia mlinzi wa kasha, "Rudisha." Mlinzi akaitoa, na ile mpya, yenye sifa zote za marehemu mama yake sultani, akaitia motoni, ili zisikae mezani nakala mbili. Ndivyo waziri alivyomfundisha, ila ubaoni hayakuandikwa. Lahaula! Sultani alilia, kisha akaghadhibika, akaamuru Shizo afukuzwe mjini pamoja na wanawe.

Shizo alikuwa na shemeji, Mbwarahaji, fukara hohehahe, lakini ulimi anao. Akaenda barazani, akasema, "Maulana, kosa ni la ubao."

Waziri akaangua kicheko. "Ubao uko wazi! Asiyeuelewa ni punguani."

Sultani akasema, "Mbwarahaji, mfanye waziri akiri kwa kinywa chake kwamba amri ya namna hii ina kasoro. Ukishindwa, utafuatana na shemejiyo."

"Nimesikia na nimetii."

Kesho yake akaja na kinyozi na kibao kidogo, akampa waziri asome: "Rudisha: hurudisha uso wa zamani."

"Je, bwana waziri, maneno haya yako wazi?"

"Wazi kama yangu," akajibu waziri, akipapasa makunyanzi yake kwa tamaa. Akaketi, akafumba macho, akatamka kwa madaha, "Rudisha!"

Akapakwa povu, akadhani ni dawa. Wembe ukapita huku na huku, na zile ndevu zilizomfika kifuani, zikitiwa hina kila Ijumaa, zikadondoka mkekani. Waziri akajishika kidevu, akapiga ukelele.

"Maskini mimi! Mbona kibao hakikusema kwamba ndevu zitakwenda?"

"Maulana umesikia," akasema Mbwarahaji. "Uso wake wa ujanani haukuwa na ndevu, na amri imefanya kazi yake. Mwenye kosa ni aliyeiandika bila kueleza kitakachopotea."

Sultani akakitazama kile kidevu, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akamsamehe Shizo, akamketisha aziandike upya sifa za mama yake. Mbwarahaji akapewa nyumba na kazi ya kuandika ubao mwingine, kila amri iseme inafanya nini, inafuta nini, na kama kilichofutwa hurudi.

Waziri, amejifunika shali hadi puani, akamnong'oneza, "Na ndevu zangu je? Hakuna amri ya kuzirudisha?"

"Ipo, bwana," akajibu Mbwarahaji. "Ngoja: huotesha ndevu polepole, haifuti kitu, na hata waziri aweza kuitumia."