Posa ya Magari ya Deraya katika Kisiwa cha Makumbi

Wewe uliyekunja mdomo hapo pembeni, ukunjue. Sijasema neno na tayari umeshaona uongo. Ulipoambiwa kuna chuma kinaruka angani kimebeba watu na chai yao, uliamini, na nauli ukalipa. Leo nikikwambia jini aliunda magari ya vita unatikisa kichwa. Kitikise, ila masikio yaache wazi.

Katika kisiwa cha Makumbi alitawala Sultani Hamduni bin Fakihi, mwenye ngome na hazina na jeshi la watiifu, na binti mmoja tu, Mwana Shamsia, ambaye uzuri wake washairi waliusifu na ulimi wake waliukimbia. Na ng'ambo ya mlango wa bahari alikaa Sultani Kahtani, dhalimu aliyekwisha kuzika wake wengi na hakuna aliyethubutu kuuliza walikufa kwa nini. Huyo akaleta mjumbe, akasema amempenda Mwana Shamsia, na asipopewa kwa hiari, bamvua lijalo, maji ya bahari yajaapo kupita kiasi, atavuka na magari yake ya deraya, yaani nyumba za chuma zinazotembea na askari tumboni, na atamchukua binti na kuuacha mji majivu.

Sultani akakosa usingizi, na chakula kikamshinda, mpaka akakumbuka pete ya babu yake. Akaisugua, na moshi ukatanda, na ndani ya moshi akasimama jini Dharuba, kichwa darini na miguu uani, akainama akasema:

"Labeka, ee maulana. Katika utumwa wangu imebaki amri moja. Nitakuundia magari ya deraya ya kulitosha jeshi lako, lakini ya namna moja tu, na namna utakayoikubali haibadilishwi mpaka kiyama. Nitaleta namna tatu uzitazame."

Kulipokucha yakaonekana magari matatu uwanjani mbele ya kasri. La kwanza lilikuwa kubwa kuliko ghala la karafuu, limevikwa chuma cha unene wa dhiraa, na mzinga wake mrefu kama mnazi. La pili lilikuwa la magurudumu, jembamba, linang'aa kama jambia lililotoka kwa sonara, na mbio zake upepo haukuziweza. La tatu lilikuwa fupi, pua butu, rangi ya tope, kama kiboko aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, na watu wakalicheka.

Sasa, Waziri Ghulamu alikuwa mtu mfupi, na wafupi wengine hupenda vitu vikubwa. Na mila ya Makumbi ni kwamba mchumba akishanyunyiziwa marashi mbele ya mkuu wa nyumba amekubaliwa, na kumrudisha ni aibu ya ukoo. Waziri akaona gari nalo ni mgeni wa heshima, akachukua mrashi mbio mbio, akalinyunyizia lile kubwa kabla Sultani hajafungua kinywa. Watu wakapiga makofi, na jini akanyanyuka kwenda kuunda mengine kama hilo.

Hapo Mwana Shamsia akatoka nyuma ya pazia la msutu, akasema:

"Amani ikushukie, baba. Marashi yamemwagika, sikatai. Lakini posa katika mji huu ina sharti jingine, na kadhi yupo hapa. Mchumba aliyenyunyiziwa hutembea mwenyewe kutoka pwani aliposhukia mpaka mlangoni kwa bibi harusi, na asipofika, posa imekufa. Na huyu ameuposa mji mzima. Atembee."

Kadhi akashika ndevu, akakiri kuwa ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Jini akakaa chini tena, maana mila iliyomfunga kwa marashi ilimfunga pia kwa mwendo.

Likapelekwa pwani kwa ngoma na tarumbeta. Na pwani ya kisiwa kile si ya kuchezea, kwani wanawake hufukia makumbi ya nazi topeni mpaka yalainike, wayatwange wasokote kamba, na kwa hiyo ni mashimo juu ya mashimo. Lile dubwana halikufika mbali, likazama mpaka shingoni kama mwiko kwenye uji. Jini akalivuta, na mishipa ikamsimama.

"Posa imekufa," akasema kadhi.

"Na maiti ni mzito," akasema Mwana Shamsia.

La pili liliruka tope kwa mbio zake, likaupita mji, likafika mlangoni halina hata vumbi, na Waziri akarudiwa na tabasamu. Lakini mashangazi hawamwachi mchumba aingie hivi hivi. Wakauliza yanayoulizwa kila nyumba: anakula nini, na akiugua nani atamtibu? Jini akatazama chini, akasema hula mafuta ya chemchemi zilizo nyuma ya mlima Kafu, na gurudumu likivunjika hutengenezwa na mjomba wake tu, akaaye huko huko, na mjomba akiitwa huchukua mwaka kuitika.

"Mume anaugulia kwetu na mganga wake yuko Kafu," akasema shangazi mkubwa. "Huyo tutamzika sisi."

Wakaligeukia lile la tatu, kiboko, kwa kukosa jingine. Likaingia majini likaogelea kama bata, likapanda tope, likapenya vichochoro katikati ya mabaraza na halikumwaga kahawa ya mzee yeyote. Chakula chake mafuta ya nazi, na viungo vyake wahunzi wa mjini waliweza kuvifua. Watu wakaanza kushangilia, na Jemadari Haruni, mkuu wa jeshi, akainua mkono.

"Mwana, ngozi yake nyembamba. Ndani humo watakaa vijana wangu, si marashi."

Mwana Shamsia, aliyezoea kuwakata watu maneno, huyu hakumkata. Akamjibu kwa adabu kwamba chuma kinene ni kinga ya mzinga mzito, na Kahtani atakuja kwa vyombo, na mzinga mzito hautavuka tope lililomla yule wa kwanza. Kitakachowafikia ni bunduki na vizinga vidogo.

"Hayo ni maneno," akasema Haruni. "Mimi naingia ndani. Pigeni."

Sultani akakataza, na Haruni akawa ameshajifungia. Wakapiga bunduki, wakapiga kizinga, na moshi ukafunika uwanja, na Mwana Shamsia akashika msutu mpaka ukachanika. Kifuniko kikafunguka.

"Ndani kunalia kama sufuria," akasema Haruni, "lakini mimi mzima."

Sultani akanyunyiza marashi kwa mkono wake, na jini akavuta pumzi akaipuliza, na viboko wa chuma wakajaa uwanja, kisha akaaga kwa taadhima akaenda zake, huru.

Bamvua likaja, na Kahtani akaja nalo. Maji yalipokupwa akateremsha magari yake, makubwa yote, kwani naye alichagua akiwa amekaa kitini. Yakazama. Na kutoka kwenye mikoko wakatokea viboko, Haruni mbele, wengine kwa tope na wengine kwa maji, na risasi zikawadunda kama mvua juu ya bati. Na maji yakaanza kujaa. Kahtani akapanda juu ya paa la gari lake, maji kiunoni, akaomba kamba. Haruni akamwambia kamba ipo, ila kwanza aape mbele ya askari wake kuwaachia mateka wote aliowahi kuwakamata visiwani, na asiuvuke tena mlango ule. Akaapa, meno yakigongana, wakamvuta kama mzigo wa makumbi.

Chuma kilichobaki topeni kikafuliwa majembe na masufuria, na kisiwa kikaneemeka, na Mwana Shamsia akaolewa na Haruni kwa ridhaa yake mwenyewe, na Waziri akapewa kazi ya kuwapaka viboko mafuta.

Basi, anayetaka kulinda nchi na alijue kwanza tope lake, kabla ya kutamani chuma cha wenziwe. Na wewe hapo pembeni naona unataka kuniuliza jini alikwenda wapi. Mfuate ukamuulize. Mimi natoka, na mlango huu naufunga.