Kwa Nini Msokoto Huvutwa Nje

Kuna jambo moja nimelitafuta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sijalipata. Ni nani aliyechoma ghala la Ndimbwa? Niliwauliza waliokuwa wazee wakati mimi ni kijana, na wao walikuwa wamewauliza wazee wao. Walinisimulia habari yote bila kusitasita, na kila mmoja alipofika hapo alinyamaza. Nami nitanyamaza hapo hapo. Lakini leo, tulipokuwa tukitunga majani ya tumbaku kwenye kamba, mmeniuliza kwa nini watu wetu hawavuti msokoto chini ya paa, na kwa nini anayeuvuta huulaza juu ya jiwe kisha akauangalia tu. Hilo naweza kulijibu.

Zamani hizo watu wa bonde hili walivutia ndani. Upepo waliuita mwizi, kwa sababu ulibeba moshi ambao mtu ameuhangaikia tangu kitalu hadi mavuno. Basi mwenye msokoto aliingia nyumbani mwake, akafunga mlango, akaziba nyufa kwa matambara, akavuta peke yake gizani mpaka moto ukamkaribia vidole. Hakuna aliyeuweka chini hata mara moja. Kuuweka chini kulikuwa kupoteza.

Aliyesokota vizuri kuliko wote alikuwa mjane mmoja, Nangoli. Majani yake aliyavundika muda mrefu, akayakunja bila kuyachana, na mwisho wa kila msokoto alifunga fundo dogo la uzi wa mgomba. Nusu ya kijiji walivuta misokoto yenye fundo hilo. Ndimbwa, jirani yake, alivuta pia. Watu wa ukoo wa Ndimbwa na wa Nangoli walikuwa watani, kwa hiyo hawakuweza kupishana njiani bila kutupiana maneno. Nangoli alimwita Ndimbwa mvivu asiyejua hata kuwasha kuni, naye Ndimbwa alimwita bibi kizee wa moshi.

Mwaka mmoja, mavuno yakiwa yameshaingizwa ndani, ghala la Ndimbwa liliungua lote, na mahindi yaliyokuwamo. Kwenye majivu, karibu na nguzo, walikuta kipande cha msokoto. Fundo lilikuwa limeungua upande mmoja tu.

Watu wakasema fundo ni la Nangoli, basi moto ni wa Nangoli. Hakuna aliyesimama kusema kwamba fundo linamtaja aliyesokota, halimtaji aliyevuta. Nadhani njaa waliyoiona mbele yao iliwafanya watake jibu la haraka, na mimi siwalaumu. Jumbe Kamtande akakata shauri: Nangoli avuke mto kabla jua halijatua, asirudi. Na kama ilivyokuwa desturi kwa anayefukuzwa, vijana wakaenda kung'oa mlango wa nyumba yake. Ndimbwa akapewa kazi ya kumsindikiza hadi kivukoni.

"Nimesikia, Jumbe," alisema Nangoli. "Nitavuka. Ila nimebakiza msokoto mmoja, wa majani aliyoyapanda marehemu mume wangu. Naomba niuvute kwanza."

"Nenda ndani ukauvute."

"Ndani gani, baba? Mlango mmeubeba."

Jumbe akatazama pembeni, akamwambia avutie popote.

Ilikuwa siku nzuri. Baridi ilikuwa imeisha, joto halijaanza, mbaazi zimechanua manjano hadi kwenye vilima. Nangoli akakaa uani, juu ya mafungu ya nyasi alizokata za kuezekea, akawasha msokoto kwa kaa la jikoni. Moshi ukapanda polepole, ukageuka buluu kwenye jua. Akaacha kuvuta, akautazama.

"Kumbe una rangi," alisema. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuuona.

Ndimbwa alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Kaa, mtani. Au unaogopa nitakuchoma na wewe?"

Ndimbwa hakucheka, lakini alikaa. Nangoli akampa msokoto. Ndimbwa akavuta, akavuta tena. Akasema una ladha ya asali, na nyuma yake kitu kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Gizani alikuwa hajawahi kukisikia. Wakazungumza juu ya marehemu, aliyemfundisha Ndimbwa kutengeneza mizinga. Kisha Nangoli akasema, "Sijui kama ni mimi. Usiku ule nilipita pale nikitoka kwa wifi yangu, na nilikuwa na msokoto niliouwasha kwake, nikiukinga na upepo ili nikauvutie nyumbani. Nimejitahidi kukumbuka kama niliudondosha. Sikumbuki."

Ndimbwa alikuwa amejiandaa kusikia kilio au matusi. Hili hakulitegemea. Aliuweka msokoto pembeni bila kufikiri, akafunika uso kwa mikono. Alipokumbuka mahali alipouweka, aliruka. Ulikuwa juu ya nyasi kavu.

Ulikuwa umezimika wenyewe. Nyasi chini yake hazikubabuka.

Wakauwasha tena, wakaulaza tena palepale, wakasubiri. Ukazimika tena.

"Usiku ule kulikuwa na upepo," alisema Nangoli. "Hii haioneshi kwamba si mimi."

"Wala haioneshi kwamba ni wewe," alisema Ndimbwa, akainuka.

Alikwenda kwa Jumbe. "Mahindi yalikuwa yangu," alisema. "Siwezi kumvusha mtu mto kwa jambo nisilolijua."

"Basi nani aliyechoma?"

"Sijui."

Jumbe aliudhika, lakini alipoelezwa jinsi msokoto ulivyozimika wenyewe juu ya nyasi kavu, akaomba apelekwe uani. Nangoli akampisha kwenye nyasi, akampa kilichobaki. Jumbe alivuta, akaulaza msokoto juu ya jiwe, akaukazia macho. Watu walikusanyika nje ya ua, na hakuna aliyemharakisha. Moto ulipozimika wenyewe, ndipo alipotamka hukumu.

Na tangu siku hiyo msokoto kwetu huvutwa nje, mchana, siku ya hewa njema, na walau watu wawili. Anayetuhumiwa hukaa na anayemtuhumu, wanaulaza juu ya jiwe, na hakuna hukumu inayotamkwa kabla haujazimika. Mara nyingine hukumu huja ileile. Lakini huja polepole, na watu wakiwa wametazamana.

Siku ile Jumbe aliamua kwamba Nangoli abaki, na kwamba kila nyumba itoe kikapu cha mahindi kwa ajili ya Ndimbwa. Vikapu alivikusanya Jumbe mwenyewe, akianzia kwake. Mlango aliurudisha Ndimbwa. Aliubeba kichwani mbele ya watu wote, akaufunga kwa kamba mpya, akarudi nyuma kuutazama.

"Mtani," alisema Nangoli, "umeufunga kichwa chini."

Ndimbwa akaufungua, akaanza upya.