Gundi Imekauka

Shekivuli, mwenyekiti wa soko, alimjia Mbelwa fundi viatu huku amevimba kwa hasira.

"Nivishe viatu vyangu nilivyokuachia uvishone! Nikiondoka hapa, na wewe uondoke. Kibanda chako hiki nampa shemeji yangu."

"Sawa, mheshimiwa. Kanyaga ubao huu, visishike vumbi."

Ubao uling'aa. "Umepaka gundi, mshenzi wewe?"

"Imekauka. Gusa."

Shekivuli akagusa, kidole hakikunata. Mbelwa akamvisha viatu, akafunga kamba mafundo matatu. Shekivuli akasimama ubaoni, akamtukana mpaka soko zima likajaa hapo. Alipotaka kuondoka, miguu ikagoma.

"Si ulisema imekauka!"

"Imekauka, na niliyopaka chini ya soli nayo imekauka. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikauke, ndipo zishikane. Haya mheshimiwa, tangulia. Mimi nakusubiri wewe tu."